Kubana Video ya Mgonjwa ni Uamuzi wa Kitabibu

Kintinku ni kata ya Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Iko kando ya Reli ya Kati, katika nyanda za chini ambako treni itokayo Dodoma hupita kabla ya kuanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Mgonjwa wa hapo anayehitaji kuonwa na daktari bingwa ana safari mbili za kuchagua: kwenda mashariki hadi hospitali za Dodoma, au kupanda magharibi hadi Manyoni na pengine kuendelea hadi Itigi au Singida mjini. Kila safari ina nauli yake, siku zake za kazi zinazopotea, na swali la nani atabaki na watoto na mifugo. Ndiyo maana simu ya mkononi imekuwa safari ya tatu. Kabla mgonjwa hajaenda kwa bingwa, video yake hutangulia.

Ichukuliwe kwa mfano familia moja ya kubuni, katika kitongoji chochote cha kata hiyo. Mtoto ana umri wa miezi sita. Kila anapoamka huinamisha kichwa ghafla, mikono hufunguka na magoti hujikunja kwa muda wa sekunde moja au mbili. Hutulia kidogo, kisha hurudia, mara kumi, mara ishirini. Bibi anasema ni tumbo. Jirani anasema ni degedege. Mama anamrekodi alfajiri, kwa mwanga wa taa ndogo ya sola, na kumpelekea video mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu anaihifadhi na kuituma upya kwa tabibu wa kituo cha afya. Tabibu naye anaihifadhi na kuipakia kwenye kundi la mazungumzo la waganga. Mmoja wao anampelekea bingwa aliyeko mjini. Inapofika huko, mtoto ni kivuli cha kijivu kinachorukaruka. Bingwa anajibu kwa nia njema: "Sioni cha kutisha. Huenda ni kushtuka kwa kawaida. Mfuatilieni." Mama anatulia. Baada ya miezi mitatu anarudi kituoni na kusema, "Shikamoo daktari. Mwanangu alikuwa akinicheka. Siku hizi hanitazami."

Wahudumu wa afya watautambua ugonjwa huo. Ni kifafa cha mishtuko ya watoto wachanga, ambacho kwa kawaida huanza kati ya mwezi wa tatu na wa kumi na mbili wa maisha. Kila mshtuko ni mfupi mno, na kwa kuwa hauna povu mdomoni wala mtetemeko wa mwili mzima, hufananishwa kwa urahisi na msokoto wa tumbo au na ule mshtuko wa kawaida wa mtoto mchanga. Dawa zake zipo, na mojawapo, prednisoloni, si ya gharama kubwa, ingawa haifai kuanzwa bila uangalizi wa mtaalamu. Tatizo kubwa ni muda: kadiri tiba inavyochelewa, ndivyo hatari ya akili ya mtoto kudumaa inavyoongezeka. Katika mfano huu hakuna aliyezembea. Mama alirekodi, mhudumu alituma, tabibu aliuliza, bingwa alijibu. Kilichokosewa ni jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelihesabu kuwa sehemu ya tiba, nalo ni namna video ile ilivyobanwa njiani.

Hoja ya makala haya ni hiyo. Kuchagua muundo wa kubana video ya mgonjwa, na kasi ya biti itakayobakizwa, ni uamuzi wa kitabibu. Anayeamua kitu gani kibaki na kitu gani kitupwe ndani ya picha ya mgonjwa ameamua bingwa ataona dalili ipi na hataiona ipi. Kwa sasa uamuzi huo huachiwa simu na programu za mazungumzo, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya salamu na sherehe.

Umuhimu wa kuona kwa macho katika maradhi ya namna hii ni jambo la zamani nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Morogoro. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni kuwapo kwa watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa kwa kurudiarudia, dalili ambayo miongo kadhaa baadaye ilipata umaarufu duniani kwa jina la ugonjwa wa kutikisa kichwa, hasa baada ya kuonekana Sudani Kusini na kaskazini mwa Uganda. Kifafa hutambuliwa kwanza kwa ushahidi wa aliyeona tukio. Vipimo hufuata baadaye. Kwa familia ya leo, simu ndiyo shahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Neurology ulionyesha kwamba video za simu zilizorekodiwa na familia, zikitazamwa na wataalamu, husaidia sana kutofautisha kifafa na matukio yanayofanana nacho. Hata hivyo, shahidi aliyefungwa kitambaa usoni hawezi kutoa ushahidi.

Ili kuona kitambaa hicho hufungwaje, yafaa kufahamu kidogo jinsi video inavyobanwa. Video ni mfululizo wa picha, ziitwazo fremu. Video ya ubora wa wastani ina pikseli 1280 kwa 720 katika kila fremu, na fremu 30 katika kila sekunde. Ikihifadhiwa bila kubanwa hata kidogo, kila pikseli ikichukua biti 24, dakika moja ingejaza takriban gigabaiti 5. Hakuna bando la muuguzi litakalobeba mzigo huo. Kubana, kwa hiyo, ni lazima.

Programu inayobana, iitwayo kodeki, hufanya kazi kwa ujanja wa kueleweka. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha katika fremu zinazofuata huandika tu kilichobadilika. Ukuta ambao hausogei huandikwa mara moja. Mkono unaosogea huandikwa tena na tena. Kasi ya biti ni bajeti inayotolewa kwa kila sekunde ya video kwa ajili ya maandishi hayo. Bajeti ikiwa kubwa, kila badiliko huandikwa. Ikiwa ndogo, kodeki hulazimika kuchagua, nayo huanza kuyapuuza mabadiliko madogo, hupaka mafuta yale ya haraka, na baadhi ya programu huamua hata kutupa fremu zenyewe. Kodeki haijui kwamba badiliko dogo la kope au la ubavu ndilo alilokuwa akilitafuta daktari.

Athari zake hutofautiana kwa kila dalili. Katika mishtuko na maradhi ya mwendo, kinachoumia ni mtiririko wa fremu. Mshtuko wa sekunde moja katika video ya fremu 30 una picha 30 za kuusimulia: kichwa kilianza kushuka lini, mikono ilifunguka pamoja au mmoja ulitangulia, macho yalielekea wapi. Video hiyohiyo ikipunguzwa hadi fremu 5 kwa sekunde, mshtuko mzima hubaki na picha tano. Kinachoonekana ni mtoto aliyekuwa juu, kisha yuko chini.

Katika upumuaji, hatari ni ya aina nyingine. Shirika la Afya Duniani huwaelekeza wahudumu kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi kwa dakika moja nzima, na kuhesabu kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 60 au zaidi ikiwa hajafikisha miezi 2, pumzi 50 au zaidi akiwa na miezi 2 hadi 11, na pumzi 40 au zaidi akiwa na miezi 12 hadi 59. Kifua cha mtoto husogea kidogo sana. Kikiwa kimefunikwa na fulana ya rangi ya giza, katika video yenye bajeti ndogo, kodeki inaweza kukichukulia kama ukuta usiosogea. Kubonyea kwa sehemu ya chini ya kifua, dalili inayoweza kubadilisha uamuzi wa kumpa mtoto rufaa, huweza kufutika kabisa.

Rangi nayo ina udhaifu wake wa pekee. Kodeki za kawaida huhifadhi mwanga kwa ukamilifu zaidi kuliko rangi, kwa sababu jicho la binadamu huvumilia upungufu wa rangi. Kwa kila pikseli nne, mara nyingi taarifa ya rangi ni moja tu. Simu nayo hurekebisha rangi kwa kukisia aina ya taa iliyopo. Kwa hiyo umanjano wa macho ya mtoto mchanga, kupauka kwa viganja vya mama mjamzito na ubluu wa midomo ni dalili zisizofaa kuamuliwa kwa video pekee, hata ikiwa nzuri. Hizo ziangaliwe na aliye karibu na mgonjwa, kwa mwanga wa mchana, na zithibitishwe kwa vipimo.

Sauti pia hubanwa. Simu za video za moja kwa moja huchuja kile zinachokiona kuwa ni kelele ili maneno yasikike. Mluzi wa pumu, au mkwaruzo wa mtoto anapovuta pumzi, kwa programu hizo ni kelele kama upepo. Bingwa anaweza kusikia sauti ya mama vizuri kabisa na asiusikie ugonjwa wa mtoto.

Baada ya kufahamu kinachopotea, uchaguzi wa muundo huwa mwepesi kuliko unavyodhaniwa. Miundo inayokutana na mhudumu wa afya ni mitatu. H.264 ilikamilika mwaka 2003, nayo hufunguka karibu katika kila simu na kompyuta, hata za zamani. H.265 ilifuata mwaka 2013. Inaweza kutoa ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya kasi ya biti, lakini kompyuta nyingi za zamani hazifungui faili zake bila kuongezewa programu. AV1 ya mwaka 2018 hubana zaidi na haina ada ya leseni, ila simu ya bei nafuu huchukua muda mrefu kuitengeneza. Kwa mazingira ya Kintinku, mapendekezo ya makala haya ni H.264 ndani ya faili ya MP4. Akiba inayotolewa na miundo mipya haina thamani ikiwa daktari wa zamu upande wa pili atafungua faili na kukuta skrini nyeusi. Baadhi ya simu mpya hurekodi kwa H.265 bila mwenyewe kujua, hivyo inafaa kuangalia mipangilio ya kamera kabla haijahitajika. Hata DICOM, mfumo wa kimataifa wa kuhifadhi picha za kitabibu, huruhusu video za H.264, na hilo huifanya faili hiyo iwe rahisi kuhifadhiwa katika jalada la hospitali iliyo na mfumo huo.

Kuhusu kasi ya biti, hesabu ifanywe kwa kuanzia swali la kitabibu na kuishia kwenye mtandao. Video ya pikseli 1280 kwa 720, fremu 30, ikipewa megabiti 2 kwa sekunde, hutumia takriban megabaiti 15 kwa dakika moja, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kwa mgonjwa mmoja anayeonekana vizuri, ubora huo hutosha kwa maswali mengi ya mishtuko, mwendo na upumuaji. Katika mtandao unaopandisha kilobiti 400 kwa sekunde, faili hiyo huhitaji dakika tano. Video ya dakika hiyohiyo ikitumwa kama kamera ilivyoirekodi kwa ubora wa juu inaweza kufikia megabaiti 120, nayo katika mtandao uleule itahitaji dakika 40, ikiwa mawimbi hayatakatika. Mtandao ukiwa hafifu zaidi, ukubwa wa picha upunguzwe hadi pikseli 854 kwa 480 na kasi iwe megabiti 1, na faili itakuwa takriban megabaiti 7.5. Fremu 30 zibaki palepale. Kwa dalili zinazosogea, ni afadhali picha ndogo yenye mtiririko kuliko picha kubwa inayorukaruka.

Akiba kubwa kuliko zote haitoki kwenye kodeki. Inatoka kwenye mkasi. Familia nyingi hutuma video ya dakika sita ili bingwa aone tukio la sekunde ishirini. Karibu kila simu ina uwezo wa kukata mwanzo na mwisho wa video. Yabakizwe yale yenye maana: sekunde chache kabla ya tukio, tukio lenyewe, na sekunde chache baadaye ili ionekane kama mgonjwa anaitika anapoitwa. Hata hivyo mishtuko inayokuja kwa mfululizo isikatwe hadi ibaki mmoja, kwa sababu kujirudia huko ndiko kunakouta ugonjwa kwa jina lake. Na palipo na upele, kidonda au uvimbe usiosogea, picha mbili tatu zilizo wazi hushinda video yoyote, kwa sehemu ndogo ya gharama.

Bajeti ya biti pia huokolewa kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Mkono unaotetemeka huifanya kodeki iamini kwamba chumba kizima kinasogea, na maua yote ya kanga aliyolalia mtoto huandikwa upya katika kila fremu. Giza hufanya vibaya zaidi, kwa kuwa kamera hujaza picha chembechembe zinazocheza, na kodeki hutumia biti kuzifuata chembe hizo badala ya kumfuata mtoto. Mama afungue mlango na dirisha, mwanga utoke nyuma ya mwenye simu. Mtoto alazwe juu ya shuka la rangi moja. Simu iegemezwe kwenye kigoda au kikongwa mkono kwa kiwiko kilichotulia. Kuku na watoto wengine waondolewe nyuma ya mgonjwa. Nguo zivuliwe kiasi kinachohitajika na staha ilindwe. Hatua hizi hazihitaji bando wala kodeki mpya, na kila kasi ya biti huzaa matunda zaidi zikifuatwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hupuuzwa, nalo ni kubana mara nyingi. Kila mara video inapohifadhiwa kwenye simu na kupakiwa upya katika programu ya mazungumzo, huweza kubanwa tena, na makosa ya mbano wa kwanza hubanwa pamoja na picha. Ni kama barua iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala. Kanuni iwe kubana mara moja tu, na mtu mmoja anayejua kwa nini anabana. Mhudumu amwombe mama faili ya asili, ikibidi kwa kuunganisha simu na simu bila intaneti. Kituoni, programu za bure kama HandBrake zinaweza kuibana kwa H.264 kwa kasi iliyochaguliwa, na asili ikabaki hadi bingwa athibitishe kuwa ameona. Anayetumia WhatsApp aiambatishe kama hati badala ya kuiambatisha kama video, kwa maana hati hufika kama ilivyotumwa.

Wapo wataalamu watakaosema kwamba haya ni mazito mno kwa muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, na kwamba video yoyote ni bora kuliko kutokuwa na video. Hoja hiyo ina ukweli wake. Degedege kamili, lenye mwili mzima kukakamaa na kutetemeka, huonekana hata katika picha mbovu, na hakuna anayepaswa kuacha kutuma kwa kuwa hakupata megabiti 2. Lakini hoja hiyo husahau hatari moja. Bingwa asipopata video huuliza maswali; akipata video mbovu huamini macho yake. Kutoona dalili katika picha iliyopondwa si sawa na dalili kutokuwapo, na anayepokea jibu la "sioni cha kutisha" hawezi kujua ni jibu la aina ipi kati ya hizo mbili. Video mbovu inayotuliza wasiwasi imemdhuru mgonjwa.

Kwa sababu hiyo mzigo mkubwa uwaangukie wanaopokea. Bingwa aizoee sentensi isiyomtia aibu mtu yeyote: "Video hii haitoshi kwa swali hili, naomba nyingine, mchana, kwa fremu 30." Kila hospitali ya rufaa inayopokea video kutoka vituo vya afya iandae ukurasa mmoja kwa Kiswahili unaoeleza inataka muundo gani, kasi gani, urefu gani na maelezo gani ya kuandamana nayo: umri wa mgonjwa, saa ya tukio, alikuwa amelala au ameamka, lilidumu muda gani, na pumzi zilizohesabiwa na mhudumu mwenyewe. Miongozo ya tiba mtandao nayo itaje viwango hivi kama inavyotaja dozi. Na gharama ya bando isiendelee kutoka mfukoni mwa tabibu wa kijijini. Mtumishi anayelipia mwenyewe kila megabaiti atabana hadi mwisho, na hakuna wa kumlaumu. Kituo kinachonunua glavu kinaweza kununua na intaneti ya kutumia kwa rufaa.

Mipaka miwili isivukwe. Wa kwanza ni dharura. Mgonjwa aliye katika degedege lisilokoma, mtoto asiyeweza kunyonya au anayeshindwa kupumua, mjamzito anayevuja damu au aliyepata kifafa cha mimba, hahitaji video. Anahitaji huduma ya kwanza na usafiri. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, mfumo wa m-mama hupatikana kwa kupiga 115 bila malipo. Hakuna faili inayostahili kusubiriwa ipande huku gari likingoja.

Mpaka wa pili ni heshima ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kabla ya kurekodi au kutuma, mgonjwa au mzazi aelezwe video itakwenda kwa nani na kwa kazi gani, naye akubali. Uso wa mtoto hauwezi kufichwa pale ambapo macho yake ndiyo dalili. Kwa hiyo njia pekee ya kumlinda ni kupunguza idadi ya wanaopokea. Kundi la watu mia mbili si chumba cha daktari. Kutuma kwa mtu mmoja anayehusika, kwa faili moja iliyobanwa vizuri, na kuifuta katika simu binafsi baada ya kuingizwa kwenye kumbukumbu za mgonjwa, hulinda siri na hulinda ubora kwa pamoja.

Mama wa Kintinku katika mfano ule hana haja ya kujua H.264 ni nini. Anachohitaji ni mhudumu atakayemwambia, "Mama, kesho akiamka, fungua mlango kwanza, egemeza simu, na usiwatumie wengine, niletee hiyohiyo." Anahitaji tabibu atakayeikata hadi sekunde arobaini na kuibana mara moja. Anahitaji bingwa atakayekiona kichwa kikishuka na mikono ikifunguka pamoja, na ambaye siku hiyohiyo atasema mtoto aletwe afanyiwe kipimo cha umeme wa ubongo. Hapo safari ya Dodoma italazimika kufanyika, kwa nauli ileile na siku zilezile za kazi. Lakini itafanyika mtoto akiwa bado anamcheka mama yake.